Kitanda cha Mabati

Vijana wangu, kila mmoja wenu akipata mshahara wake wa kwanza huja kuniuliza swali lilelile: "Babu, weye ulikuwa fundi wa mabati tu, hii nyumba uliipata namna gani?" Anauliza huku macho yake yamo kwenye simu, kwa hiyo namjibu kwa kifupi kwamba niliilalia. Anacheka, kisha anaenda kuwaambia wenzake kwamba mzee ameanza kuchanganyikiwa. Leo goti linaniuma na sina pa kwenda, basi wekeni simu chini niwaeleze mambo yalivyokuwa.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kashindi. Wakati ule hakuwa mzee hata kidogo, ila alizaliwa na hasira za kizee. Maduka mengi ya Uvira yaliyokuwa na paa la bati enzi za Wabelgiji yalipitia mkononi mwake, na madarasa, na nyumba za makarani. Alinifundisha kwamba msumari unapigwa kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde lake, maana maji hupita bondeni. Alinifundisha kukata vipande vidogo vya mpira wa gurudumu kuukuu na kuviweka chini ya kichwa cha kila msumari ili maji yasipate njia. Na alinifundisha kuyalaza mabati kwa kufuata upepo unaoshuka mlimani, la sivyo upepo unaingiza kidole chake pale yanapopandana na kulifungua paa lote. Ukipinda msumari, alikuteremsha, ukaunyoosha juu ya jiwe mbele ya wenye nyumba, ukapanda tena nao. Hakuna kitu kilichonifundisha adabu kama kuteremka ile ngazi.

Somo la fedha nalo nililipata kwake. Malipo yangu ya kwanza niliyatumia siku hiyohiyo. Nilinunua kofia, nikanunua soda kwa marafiki ambao sikujua kama ninao, na nikanunua kengele ya baiskeli. Baiskeli yenyewe sikuwa nayo. Niliona tu kwamba kengele imepatikana kwa bei nzuri. Kesho yake Kashindi aliiona mfukoni mwangu, akaichukua, akailiza mara kadhaa pale juu ya paa, akaniuliza kwa upole kama ningependa watu watupishe njia.

Halafu akasema, "Sikia, Kiza. Feza ikiwa mu mufuko yako, ndugu zako wote wanaisikia harufu. Usipokee yote. Mwambie mwenye kazi akulipe kidogo feza, kidogo bati. Bati, shemeji yako hawezi kulikunywa."

Maneno hayo yalinikaa. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda juu ya nyumba ya mtu, nilipatana naye kwanza kuhusu bati. Kazi ndogo ilinipa bati moja au nusu yake, kazi kubwa ikanipa zaidi. Na hapa ndipo ninapowataka mnisikilize, kwa sababu mambo yamebadilika lakini hili halijabadilika. Wengi wenu mnakula kwanza, halafu mnasema mtaweka kitakachobaki. Hakibaki. Mimi lile bati lilitoka kabla sijaishika fedha mkononi, kwa hiyo halikuniuma. Kilichobaki ndicho nilichokula, kikiwa kidogo nakula mihogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, kikiwa kikubwa naongeza nyama.

Si kwamba mambo yalinyooka kila mara. Mkulima mmoja wa Lubarika alinipa ahadi ya mabati mawili mazuri, na nilipomaliza paa lake akaniletea mbuzi. Alisema mbuzi ni sawa na bati, tena mbuzi anazaa. Nikamvuta yule mbuzi katika jua la bonde la Ruzizi hadi Luvungi nikitafuta gari la kushuka Uvira, na wenye magari wote wakakataa kumpakia. Nilipofika nyumbani hatimaye, mbuzi alikuwa amekula kofia yangu. Tangu hapo niliyataka mabati yangu yawe yamesimama ukutani nikiyaona, ndipo nipande.

Sasa, mabati yanawekwa wapi na mtu ambaye hana nyumba? Mimi na mke wangu Zawadi tulikuwa tumepanga chumba kimoja mtaa wa Songo. Ukiyasimamisha ukutani yanaangukia chungu. Ukiyaweka nje yanaota miguu. Basi tukauza kitanda, tukayalaza mabati chini, tukatandaza nyasi kavu juu yake, juu ya nyasi mkeka, juu ya mkeka sisi wenyewe. Kila kazi niliyomaliza ilipandisha kitanda chetu kidogo. Lakini bati, vijana wangu, halijui siri. Ukigeuka linanguruma. Jirani yetu alikuwa mama mmoja mkali wa kanisa, na asubuhi alitusalimia huku akitazama pembeni. Zawadi aliona aibu mpaka akaongeza nyasi, na bado haikusaidia.

Huyo Zawadi ndiye bibi yenu. Alikuwa anauza ndagala kavu. Wengi wenu mlimjua akiwa mtulivu, lakini mimi nilimwoa akiwa moto. Na siwezi kuwaeleza jinsi ninavyoukumbuka ule mwaka wa uhuru bila kumwona yeye, amekaa juu ya kitanda kile, miguu ikining'inia, anapanga mafungu ya ndagala huku anaimba. Tulikuwa hatuna kitu, na nilikuwa na furaha ambayo sikuipata tena baadaye kwa namna ileile.

Kabla tu ya uhuru, kaka yake, jina lake Mugaza, alikuja akiwa amevaa tai. Alikuwa na karatasi yenye muhuri wa rangi ya zambarau. Kulikuwa na watu waliokuwa wakizunguka wakiuza karatasi za namna hiyo: unalipa, unachagua nyumba ya Mzungu unayoitaka, na siku ya uhuru Mzungu anatoka, wewe unaingia. Msicheke. Watu wazima wenye akili zao walizinunua. Wengine walifukia masanduku ya mawe wakiambiwa kwamba uhuru ukifika, mawe yatageuka franka.

Mugaza alikuwa amechagua nyumba ya bwana mmoja wa kilimo, yenye veranda na bustani. "Imebaki kidogo tu kumalizia," alisema, huku anatazama kitanda chetu. "Dada, haya manjanja, mabati yote haya, munayalalia ya nini? Tuyauze. Nyumba iko na vyumba vingi, minye nitawapa viwili, na choo cha ndani."

Nilimtazama Zawadi. Ulikuwa wakati mgumu kwangu, kwa sababu yule ni kaka yake mkubwa, na choo cha ndani si kitu cha kudharau. Zawadi akauliza swali moja tu. "Kaka, hii nyumba weye ulishaingia ndani?"

"Nitaingiaje na Mzungu iko ndani?"

"Basi ukishaingia, njoo utuite."

Siku ilipofika Mugaza alikwenda na mkeka wake na jogoo. Aliwakuta wengine mlangoni na mikeka yao, kila mmoja na karatasi, zote za nyumba ileile. Mpishi wa nyumba aliwapa maji ya kunywa, akawaombea njia njema. Jogoo tulimla sisi kwetu Songo, na Mugaza alikula kwa huzuni lakini alikula sana. Nawaambia hili kwa sababu siku hizi mnaletewa karatasi ya namna ileile ndani ya simu. Muulizeni anayewauzia nyumba kama mnaweza kuingia, mkae, mfungue madirisha. Akianza kueleza sana, rudini kwenu.

Kiwanja alikinunua Zawadi, si mimi. Wanawake wa ndagala walikuwa na likelemba yao: kila juma kila mmoja anatoa kiasi kilekile, na mmoja wao anapokea chote, zamu kwa zamu. Wengi waliomba zamu za mwanzo. Zawadi aliomba ya mwisho. Nilimuuliza kwa nini, akasema wa mwisho amekwisha kumzoesha mume wake kuishi bila ile fedha. Kwa kweli nilikuwa nimezoea.

Tulionyeshwa viwanja viwili. Kimoja kilikuwa chini karibu na ziwa, tambarare, udongo mweusi, bei nafuu. Mwenyewe alikuwa mtu wa heshima na alitupa viti. Zawadi hakukaa. Alizunguka, akasikiliza, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba hapa vyura wamepanga kabla yetu. Kisha akaenda kumsalimia mama mzee wa jirani, akamuuliza habari za watoto, habari za kuku, na mwishoni kabisa akamuuliza maji ya ziwa yalifika wapi alipokuwa msichana. Yule mama akanyoosha mkono akionyesha juu ya vichwa vyetu, upande wa barabara. Tulinunua kile cha pili, mlimani, chenye mawe mengi kuliko udongo. Majirani walikuja kushuhudia mipaka, tukawapa kasiksi, pombe yetu ya ndizi, wakanywa wakiwa wamesimama kila mmoja kwenye mpaka wake, maana ndivyo ilivyokuwa desturi. Mtu aliyekunywa kasiksi ya mpaka hasogezi mpaka. Mkienda kununua leo, pitieni ofisini mpate hati, lakini kwanza wanywesheni majirani.

Cha chini alikinunua Mzee Kashindi. Alisema mlimani ni kwa mbuzi.

Yeye naye alikuwa na mabati yake, mengi kuliko yangu mara nyingi, yamepangwa katika kibanda cha nyasi alichokisimamisha pale kiwanjani, alimolala peke yake, maana mke wake alikuwa amefariki. Alitaka nyumba ya vyumba vinne, yenye veranda na ghala. Kila mwaka alipiga hesabu akaona bado kidogo. Mvua zikipita, bei inapanda, anasema acha tuongeze tena msimu mmoja. Na mimi, kwa kuwa nilimpenda kama baba, nikawa nasema maneno yake. Tulikuwa tumefyatua matofali ya udongo kwa mikono yetu, tukasimamisha kuta za vyumba viwili juu ya msingi wa mawe. Zawadi akauliza, tuezeke? Nikajibu bado kidogo, natafuta ya veranda.

Tofali la udongo lisilo na paa ni chakula cha mvua. Majira ya kwanza ya mvua yalilamba kuta zetu mpaka zikawa na meno kama msumeno. Tukaziba. Majira ya pili yakaangusha upande mmoja mzima, ule tulioujenga Zawadi akiwa na mimba ya baba yenu. Nilimkuta amesimama mbele ya lile rundo la tope, mtoto mgongoni. Hakulia. Aliniambia hivi:

"Kiza, miaka yote hii tuko nalala juu ya nyumba. Tutalala chini yake lini?"

Tukausimamisha ule upande upya, na juu ya kuta nikafunga miti ya paa. Mvua zilikuwa zinaelekea kwisha, na habari zikaanza kushuka kutoka bondeni kwamba uasi umekuja. Waliotoka Luvungi walipita na magodoro kichwani. Soko likanyamaza. Watu wenye mabati ndani walianza kuyafikiria kwa njia mpya, kwa sababu ilisemwa kwamba vijana wenye silaha wanaingia nyumba kwa nyumba, na kila mali wanayoikuta imewekwa akiba wanaiita bidhaa, na bidhaa ni ya vita. Mzee Kashindi alikuja kwangu mbio. "Tuyafukie," alisema. "Yangu nayafukia kule chini kwenye udongo laini. Lete yako."

Nilikuwa nimeshainama kuyashika. Zawadi akaweka mguu wake juu ya kitanda.

"Haya mabati yanatoka hapa kwenda juu ya ukuta," alisema. "Hayaendi chini ya udongo. Muntu anafukia maiti."

Kashindi akafoka, "Mwanamuke, ni nani anaezeka nyumba vita iko nakuja?"

"Minye."

Alikuwa hajui kupiga hata msumari mmoja. Lakini alikwisha kulibeba bati la kwanza kichwani, na mtoto mgongoni, akaanza kupanda mlima, na mimi nilikuwa mume wake. Nikafuata na la pili. Kashindi alikataa kutuazima ngazi yake, akasema hatashiriki wazimu, akaondoka. Nikaegemeza mti ukutani, nikapanda, nikaanza kugonga. Uvira nzima ilikuwa imekaa kimya na nyundo yangu ilisikika hadi ziwani. Nilikuwa naogopa, misumari inapinda mmoja baada ya mwingine. Saa za mchana nikamwona Kashindi anapanda mlima na ngazi begani, uso umekunjamana.

"Nimekusikia tangu kule chini," alisema. "Unapiga kama muntu anaua nyoka. Shuka hapo."

Tuliezeka pamoja mpaka jua likazama nyuma ya milima. Sijawahi kufanya kazi na mtu kwa namna ile, nikinyoosha mkono msumari upo. Veranda haikupata bati. Tulipomaliza nilimwomba alete na yake, tuongeze chumba, akae nasi. Akafuta uso. "Yangu ni ya vyumba vinne," akasema, akateremka kwenda kuyafukia.

Vijana wale walifika siku zilizofuata. Songo walifungua vyumba kimoja kimoja, na mwenye nyumba wetu wa zamani walimchukulia hata milango aliyokuwa ameihifadhi. Kwetu mlimani walimkuta Zawadi anapika chini ya paa, moshi unatoka, mtoto analia. Mmoja akagonga bati kwa kitako cha bunduki akasema hii ni nyumba ya muntu, wakaenda zao. Baadaye, askari wa serikali waliporudi, risasi zilipita juu ya mji na sisi tukakimbilia milimani na sufuria moja. Tuliporudi, mlango haukuwepo, bati moja lilikuwa na matundu matatu ya risasi. Niliyaziba kwa lami. Nyumba ilikuwa imesimama.

Kule chini ziwa lilikuwa limepanda. Lilikuwa likipanda taratibu tangu kabla ya uasi, na tulipokuwa mafichoni lilivimeza viwanja vya ufukweni vyote, na kile cha Kashindi pia. Nilimkuta ndani ya maji hadi kifuani, ameshika fito ndefu, anachoma chini, anasikiliza, anasogea, anachoma tena. Kibanda hakikuwepo, mgomba aliouweka uwe alama haukuwepo. Nilivua viatu nikaingia. Tulichoma wote wawili, siku hiyo na nyingine nyingi, na hatukusikia hata mara moja mlio wa bati. Nililia ndani ya yale maji, nawaambia wazi, na sijui kama aliona.

Ni Zawadi aliyekwenda kumchukua. Alimwambia kwamba paa linahitaji fundi wa kulitazama. Akakubali kwa sharti kwamba atakaa mpaka mvua zipite tu.

Mvua ya kwanza ilipokuja usiku tuliamka wote kwa kelele zake. Mtoto alilia, Zawadi akamnyonyesha. Niliwasha kibatari nikatazama kama panavuja, hapakuvuja. Mzee Kashindi alikuwa amelala chali kwenye mkeka wake, macho wazi, anatazama juu. Nilidhani anakagua misumari. Nikamuuliza kama ameona kasoro.

"Hapana," alisema. "Sisi tunaezekaka mu kiangazi. Tukimaliza tunaenda. Minye nilikuwa nalala mu nyasi miaka yote ile." Mvua ikazidi, ikabidi apaze sauti ndipo nimsikie. "Kiza, sikujuaka kama bati kule ndani inaliaka hivi."

Alikaa nasi mpaka alipofariki, katika chumba hicho mnachowekea baiskeli zenu.